Kazi ya Baba ni Nini?



Juzi binti yangu alikuwa akijaza fomu ya kuomba msaada wa karo ya chuo kikuu. Akafika penye "Kazi ya mzazi". Mstari wenyewe haufiki urefu wa kidole. Akaniuliza, "Baba, niandike nini?"

Nikanyamaza. Baada ya Alfajiri nasomesha watoto Qur'ani. Mchana niko soko la Owino nauza kanzu, na wateja wangu wengi ni Wakristo wanaokwenda kwanjula. Ijumaa nyingine natoa khutba. Naosha maiti, naozesha, nasuluhisha mke na mume saa nne za usiku (malipo yake ni chai, nayo si kila mara).

Tukiandika "Sheikh", watadhani msikiti unanilipa mshahara. "Mfanyabiashara", watadhani nina pesa. "Mwalimu"? Hapa kwa Waganda "walimu" ni mtu wa madrasa, na wa skuli ni "musomesa". Lakini afisa wa ofisini atadhani napokea mshahara wa serikali. Kila jina ni kweli, na kila jina litampotosha anayelisoma. Na chini ya fomu natakiwa nitie sahihi kwamba yote yaliyomo ni kweli.

Nikatoa kabatini Qurani Takatifu, tafsiri ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy iliyotoka 1969. Nikamwambia binti yangu: huyu alizaliwa Unguja 1912, akasomesha skuli miaka mingi, akatunga mashairi, akaandika historia ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, na tafsiri hii ilitoka yeye akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alifariki Oman 1982. Sasa yeye angejaza nini hapa?

"Kadhi," akajibu papo hapo. "Ndiyo iliyokuwa na mshahara, Baba."

Sikuwa na la kusema.

Mwishowe tukaandika "Mwalimu wa madrasa na muuza kanzu", kwa herufi ndogo ndogo, maneno yakatoka nje ya mstari mpaka pambizoni. Tukaambatanisha karatasi nyingine yenye kazi zote na mapato ya kila moja. Penye sifuri tukaandika sifuri. Binti yangu alizihesabu sifuri zile, akanitazama, kisha akaenda kunipikia chai.

Majibu hayajatoka. Tunaomba dua zenu.