Treni Isiyofika Kigoma

Kwenye ualimu tunaambiwa jambo moja mpaka tunalichoka: andika lengo la somo kwanza, zana utachagua baadaye. Mtihani wake nilifaulu vizuri. Nyumbani nikasahau.

Kwetu ni Tabora. Baba alifanya kazi ya kupanga mabehewa stesheni kwa miaka mingi. Ukitoka Dar, Tabora ndipo reli inapogawanyika: njia moja inakwenda Kigoma, nyingine Mwanza. Behewa la Mwanza likienda Kigoma, utaulizwa wewe. Mwaka jana alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, maneno yakapungua, akawa mtu wa kukaa kibarazani kutwa.

Likizo nikarudi na wazo la kumtengenezea reli ya mfano. Nilitaka Reli ya Kati nzima, ile iliyoanza kujengwa Dar mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Nikapiga hesabu. Kipimo kinachopendwa sana kwenye treni za mfano ni moja kwa 87. Kwa kipimo hicho, kilomita kama 1,250 za Dar hadi Kigoma zinakuwa kilomita 14. Mimi nina plaiwudi ya sentimita 120 kwa 40! Basi nikachora duara, nikabandika stesheni tano, Kigoma ikapakana na Dar. Mabehewa yalikuwa maboksi ya viberiti.

Nikamwekea Baba mezani, nikaisukuma treni kwa kidole. Akaitazama ikizunguka mara mbili. Kisha akauliza taratibu, "Sasa mama, hii treni inafanya kazi gani?"

Nilikosa jibu. Kwenye andalio la somo ningeandika lengo gani? Baba aone mwanawe ni fundi?

Nikabandua vyote. Katika kutafuta nikakutana na mchezo uliobuniwa na Mwingereza, Alan Wright. Una njia tatu tu: moja inaingia mabehewa matano, mbili zinaingia matatu matatu. Mabehewa yote ni manane. Unachagua matano kwa bahati nasibu, halafu unayaunga kwa mpangilio ule ule yalivyotoka. Kunyanyua behewa hairuhusiwi. Ni kuvuta na kusukuma tu. Mipangilio inayowezekana ni 6,720. Kumbe ubao mdogo una kazi ya miaka.

Njia nikazitengeneza kwa vipande vyembamba vya mbao. Pa kubadili njia nikaweka kijibao kinachozunguka kwenye msumari. Mabehewa nikayaunga kwa sumaku, na kingo nikaziinua ili mkono unaotetemeka usiangushe treni. Hizo kingo sikuziona kwa Wright. Ni za Baba.

Namba moja hadi nane nikaziandika kwenye vikaratasi, nikavitia ndani ya kofia yake ya kazini. Akachomoa vitano. Siku ya kwanza ilimchukua asubuhi nzima, kwa mkono wa kushoto. Siku ya tatu nikaona ule wa kulia unashikilia ubao.

Sisemi mchezo umemponya. Dawa anameza na kliniki anakwenda. Ila siku ya nne nilicheza mimi, nikakwama kabisa. Baba akacheka, akasema, "Una haraka ya kuvuta. Kwanza tafuta pa kuliweka lile usilolitaka." Tangu augue sikuwa nimemsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo.

Kwa hiyo mwenzangu, ukitaka kujenga reli ya mfano, usianze na reli. Anza na mtu atakayekaa mbele ya ubao, na ujiulize unataka afanye nini. Wa kutazama treni ikipita, mchoree duara. Wa kufanya kazi, mpe kazi.

Muhula ujao naenda mafunzo kwa vitendo. Wanafunzi wangu sijawaona bado, kwa hiyo zana sijaanza kutengeneza.