Spika Nne za Baba

Amplifaya ya baba iliungua Jumamosi usiku, na mimi ndiye niliyeiunguza.

Alikuwa ameiunda mwenyewe ndani ya sanduku la mbao, enzi zake za ufundi wa redio. Vipuri alivinunua Luthuli Avenue, Nairobi, kimoja kimoja, kila alipopata kazi. Ilikuwa na spika mbili sebuleni. Alipopooza upande wa kulia akawa mtu wa kitandani, nikaona heri nimpelekee muziki chumbani. Nikatafuta spika mbili zaidi, za omu 8 kama zile za kwanza, nikaziunga zote nne pamoja, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Nyimbo mbili hazikuisha. Harufu ikamfikia kitandani.

“Umezipanga zote sambamba?” akauliza.

“Ndiyo, baba.”

“Haya, piga hesabu. Zimebaki omu ngapi?”

Mbili za omu 8 zikiwa sambamba hubaki 4. Nne hubaki 2. Amplifaya yake haikutaka chini ya 4. Ukinzani ukishuka, mkondo unapanda, transista zinachemka. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Jumatatu nikaleta transista mpya. Yeye akisema, mimi nikilehemu, kijasho chembamba kikinitoka. Kisha tukaziunga spika upya. Mbili za sebuleni kwa mfuatano, hasi ya moja kwa chanya ya nyingine, omu 16. Za chumbani vivyo hivyo. Jozi hizo mbili tukaziweka sambamba, tukarudi kwenye 8.

Muziki ukalia, lakini chumbani ulikuwa mwembamba.

“Besi iko wapi?” akasema. “Kuna moja imegeuka. Zima, lete betri ya tochi.”

Nilifungua nyaya, nikagusisha betri kwenye spika, chanya kwa chanya. Ya kwanza, koni ikasukumwa nje. Kwa ya pili, akaniambia niweke mkono wake wa kushoto juu ya koni, polepole.

“Hii imeingia ndani,” akasema kabla sijaona kitu. Alama zake zilikuwa zimebandikwa kinyume. Nikabadilisha nyaya zake, besi ikarudi, hata kitanda kikaisikia.

Kesho yake asubuhi aliniita.

“Ile redio ya jirani, bado hailii?”

“Bado.”

“Si umwambie ailete. Wewe utafungua, mimi nitasema.”