Honda Iliyonizoesha Kukaa Upande

Fundi hakushika spana. Nilipompa shikamoo na kumweleza kwamba Jumatatu naipeleka pikipiki kwenye ukaguzi ikapate stika, aliitikia marahaba, akafuta mikono kwa tambara, akasema, "Panda. Nenda mpaka pale kwenye mwembe, geuza, rudi. Taratibu." Nikaenda, nikarudi. Akanirudisha tena, na safari hii akachuchumaa katikati ya njia kunitazama nikimjia. Niliposimama alikuwa anacheka.

"Mwanangu, mgonjwa ni wewe au ni pikipiki?"

Sikumwelewa. Akasimama akaniigiza: bega la kushoto limeshuka, kiuno kimepinda, tako moja linaelea nje ya siti, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono wa kulia. Vijana wawili waliokuwa wakiosha injini kwa petroli waliangua kicheko. Nilikuwa nimeiendesha Honda ile miaka sita, na hakuna siku niliyojijua kwamba nakaa hivyo.

Ilikuwa 2012, Morogoro, siku chache kabla ya Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, msimu ambao trafiki alikuwa akikusimamisha na jicho lake la kwanza likitafuta stika. Honda yenyewe ilikuwa CG125 ya baba. Yeye alikuwa bwana shamba, na mradi aliokuwa akiufanyia kazi ulipofungwa wafanyakazi wakauziwa pikipiki za mradi kwa bei ya kutupa. Alipanda nayo milimani Mgeta na kushuka, akikagua kabichi na viazi vya watu, kwenye barabara ambayo masika huwa mfereji na kiangazi huwa mawe. Alipostaafu akanikabidhi kadi na funguo, na maneno machache: oili usisahau.

Hata ukisahau, ile injini ilikusamehe. CG ilitoka mwaka 1976, na Wajapani waliiunda wakijua inakwenda kwa watu wasio na muda wa kuibembeleza. Valvu zake zinasukumwa na fito badala ya cheni ya ndani, na cheni ya nje imefunikwa kava zima, juu na chini, vumbi lisiifikie. Wachina waliinakili mno. Nyingi kati ya bodaboda zilizojaa mjini mwaka ule zilikuwa na injini ambayo ukiitazama unaona sura ya Honda ya mzee, kama unavyomwona babu kwenye uso wa mjukuu. Wajukuu hao ndio waliotuokoa, maana spea za Honda zilikuwa adimu na ghali, na za Kichina zilikuwa kila kona.

Mimi nilifika na orodha yangu kichwani: taa ya breki haiwaki, honi inakoroma, kioo cha kulia hakipo, tairi la nyuma limekwisha kashata. Fundi aliisikiliza yote. "Hivyo ni vya trafiki," akasema. "Tutavifikia."

Akaingiza kreti ya soda chini ya injini, gurudumu la mbele likaning'inia. Akanishika mkono akauweka kwenye usukani, wake juu ya wangu, kama anayemfundisha mtoto kuandika. "Zungusha polepole. Usilazimishe." Usukani ulitoka kushoto laini kabisa, lakini ulipofika katikati, pale ambapo gurudumu linatazama mbele, ukatumbukia kwenye kijishimo na kutulia. Tk. Ili uende kulia ilibidi uusukume utoke. Tukarudia. Tk. Nilikuwa nimeshika usukani ule kila siku ya Mungu na sikuwahi kuisikia ile tk, kwa sababu nilipokuwa barabarani nilishajua kuusukuma bila kuwaza.

Alifungua nati ya juu, akatandika gunia, na gololi zikaanguka moja moja zikiwa na grisi iliyokauka ikawa kama ukoko wa chungu. Bakuli zinamokaa zile gololi alizifuta akanipa nipapase kwa ukucha. Zilikuwa na vijidonda vimepangana sawasawa, kama alama za meno kwenye embe. Akanieleza huku anasugua: gurudumu muda wote linatazama mbele, kwa hiyo kila shimo unaloingia, gololi ile ile inapiga mahali pale pale. Nikaihesabu Mgeta, masika na kiangazi, miaka yote ya baba na sita yangu. Bakuli mpya na gololi zake tulizipata duka la spea za bodaboda, bei ya sahani chache za chipsi. Ziliingia kana kwamba zilizaliwa humo.

Kilichonitia aibu ni uzi. Aliufunga nyuma ya tairi la nyuma, uzi wa washona viatu, akavuta ncha zote mbili kwenda mbele, moja kila upande, akaniambia nichuchumae nitazame. Kulia uzi uliligusa tairi la mbele ukapinda. Kushoto, kati ya uzi na tairi, kidole changu kilipita chote na nafasi ikabaki. Maana yake gurudumu la nyuma lilikuwa linatazama kushoto, pikipiki inavutia kulia, na mimi juu yake nimejipinda kuirudisha. "Nani anakaza cheni?" akauliza. Nikasema ni mimi. "Unakaza pande zote mbili?" Sikujibu. Nati ya upande wa kulia ilikuwa na kutu, inasumbua, na mimi kila nilipokaza nilikaza upande wa cheni tu. Cheni ilikazika, nikaridhika. Miaka sita.

Kwenye breki alinionesha kitu ambacho baba naye nadhani hakukijua. Pale ubavuni mwa ngoma, kwenye mkono wa breki, kuna kimshale kidogo, na kwenye sahani kuna alama. Ukikanyaga breki mpaka mwisho na kimshale kikaifikia alama, breki shuu zimekwisha. Changu kilikuwa kimeshaipita. Nilikuwa nafidia kwa kuanza kushika breki mapema, nusu uwanja wa mpira kabla ya makutano, na nilijiona dereva mstaarabu.

Cha trafiki kilichotupa taabu ni taa. Honda ile ilikuwa ya volti 6, na mji mzima ulikuwa unauza balbu za volti 12. Nilijaribu moja kwa ukaidi, ikawaka nyekundu kama kaa la mkaa linalozimika. Balbu ya kweli niliipata kwa mzee mmoja muuza spea za baiskeli, aliyevuta droo ya chini kabisa akatoa boksi limefungwa kwenye gazeti lililogeuka rangi ya chai. Alinipa mbili. Bei aliyotaja ilinifanya nimwamkie tena.

Kunyoosha gurudumu la nyuma, breki shuu mpya, honi, kioo, tairi: nusu siku, yakaisha.

Jumatatu nilifika uwanja wa ukaguzi saa moja asubuhi, foleni imeshapinda mara mbili. Mwenzangu wa mbele alikuwa ameazima vioo vya pembeni vya jirani na alikuwa anaomba asiulizwe mbona kimoja cheusi kingine cha fedha. Zamu yangu ilipofika, afande alitazama kadi, bima na leseni, akaamuru niwashe taa, nikanyage breki, nipige honi. Aliinama kidogo akatazama kashata za tairi. Akauliza, "Hii ya mwaka gani?" Nikamwambia. Akalipapasa tanki, akatabasamu, akasema baba yake alikuwa nayo. Stika ikabandikwa. Haikuchukua dakika tano. Usukani hakuugusa. Uzi hakuwa nao. Kimshale cha breki hakukitazama.

Nikapiga kiki, nikatoka getini na stika yangu, na mita chache tu mbele nikaanza kwenda kushoto. Nikarudisha, ikarudi zaidi ya nilivyotaka, maana usukani sasa ulikuwa mwepesi kama wa baiskeli ya mtoto. Nikaenda kushoto tena. Dada mmoja mwenye beseni la ndizi aliruka kando ya mfereji akinitolea maneno ambayo nilistahili. Nikasimama, miguu yote miwili chini, nikatafuta tatizo kwenye gurudumu, kwenye cheni, kwenye breki mpya. Kisha nikajitazama mwenyewe. Tako moja lilikuwa nje ya siti.

Nikalirudisha ndani, nikakaa katikati, mgongo wima kama bwana harusi, na mpaka nyumbani nilihisi kwamba naanguka kulia.