Choo cha Paka Nyumbani

Najua ya kuwa wengine watacheka wakisoma kichwa cha maneno haya. Watasema: Je, Mwalimu amekosa la kuandika? Paka ana dunia nzima ya kujisaidia. Kwa nini tumtengenezee choo kama mtu? Lakini nyumba zetu za siku hizi hazifanani na zile za wazee wetu kijijini. Hapa Buluo, pembeni mwa mji wa Likasi, nyumba zimesongamana, ua ni mdogo, na bustani ya jirani yaanza pale ukuta wetu unapoishia. Paka hutafuta udongo laini ili afukue na kufukia. Na udongo laini uko wapi? Uko katika tuta la lengalenga la mama wa jirani, ambaye asubuhi huzichuma mboga zake na kwenda kuziuza sokoni.

Paka tunamhitaji. Gunia la unga wa mahindi kwa mwalimu ni hesabu ya mwezi mzima, na panya hawajui hesabu. Wakipata usiku mmoja tu hutoboa gunia, hula kidogo, huchafua kingi. Nimejaribu mitego na nimejaribu sumu. Sumu niliiacha kwa sababu ya watoto. Paka ndiye mlinzi asiyeomba mshahara. Wako wanaosema ya kuwa paka ni mnyama wa wachawi, hasa akiwa mweusi. Mkristo hana ruhusa ya kuamini hayo. Katika Biblia yetu sisi Wakatoliki paka wa nyumbani ametajwa mahali pamoja tu, katika sura ya 6 ya kitabu cha Baruku, naye hafanyi uchawi wowote: amekaa tu juu ya sanamu za miungu ya uongo, pamoja na popo na mbayuwayu, kuonyesha ya kuwa sanamu hizo hazina nguvu hata ya kumfukuza!

Basi, kwa nini tusimwache alale nje? Usiku kuna mbwa, kuna pikipiki, na tena kuna watu ambao wakiona paka aliyenona huona kitoweo. Nani asiyejua? Tumepoteza wawili kwa namna hiyo. Kwa hiyo wa tatu hulala ndani, mlango umefungwa, karibu na gunia. Na mnyama aliyefungiwa ndani toka jioni hadi alfajiri lazima awe na mahali pa haja.

Mwaka jana, mwezi wa Julai, neno hili liligeuka kuwa shauri kubwa nyumbani kwetu. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minne. Mama mkwe alikuja kututembelea akaona beseni la paka penye kona ya jiko. Kama ilivyo desturi ya heshima, hakuniambia mimi mwenyewe, alimwambia binti yake, lakini kwa sauti ya kunifikia huku barazani: “Mwambie bwana yako, mwanamke mwenye mimba hakai nyumba moja na mavi ya paka. Paka aende, ama wewe urudi kwetu mpaka ujifungue.” Wanaume mliooa mwajua uzito wa maneno hayo.

Nilifanya kama nilivyofundishwa seminarini, yaani kutafuta kwanza sababu ya jambo kabla ya kujibu. Nikamwendea muuguzi wa zahanati, nikasoma vitabu. Kumbe mama mkwe alikuwa na haki nusu. Kuna kijidudu kiitwacho toksoplasma. Mwaka 1908 Wafaransa wawili, Charles Nicolle na Louis Manceaux, walikiona mjini Tunis, hapa hapa Afrika, katika mnyama mdogo wa jamii ya panya aitwaye gundi. Lakini ilipita miaka sitini, mpaka karibu na mwaka 1970, ndipo wataalamu walipohakikisha ya kuwa paka ndiye anayetoa mayai ya kijidudu hiki katika choo chake. Paka hukipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi. Halafu huyatoa mayai hayo kwa muda wa juma moja hadi matatu, na kwa kawaida mara moja tu katika maisha yake. Angalia taabu hii: paka hodari wa kuwinda, yule tunayemsifu, ndiye anayeweza kutuletea ugonjwa.

Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi hasikii kitu, au husikia kama mafua yanayopita. Lakini mwanamke akiambukizwa kwa mara ya kwanza wakati wa mimba, ugonjwa waweza kumfikia mtoto tumboni, ukaharibu macho au ubongo, au mimba ikatoka. Hilo si jambo la kuchezewa.

Hata hivyo, yale mayai yakitoka tu hayana nguvu ya kuambukiza. Huhitaji siku moja hadi tano kukomaa. Atakayeondoa mavi ya paka kila siku, pasipo kukosa, huyaondoa kabla hayajawa hatari. Lakini yakiachwa katika udongo wenye unyevu yaweza kuishi zaidi ya mwaka. Basi paka aliyefukuzwa nje haondoi hatari; huipeleka tu katika mboga za jirani, na kutoka huko inarudi mezani kwetu, kwa maana watu wengi huambukizwa kwa mboga zisizooshwa vizuri na kwa nyama isiyoiva kuliko kwa kumshika paka. Niliyaeleza hayo kwa mke wangu, naye akayapeleka kwa mama yake. Mapatano yakawa haya: paka abaki, mke wangu asiguse beseni hata siku moja, na kazi hiyo niifanye mimi.

Hapo wengine walicheka kweli. Mwanamume, tena mwalimu, anabeba mavi ya paka asubuhi na mapema! Wanafunzi wangu wawili walinikuta nalo beseni, wakageuka kutazama reli kana kwamba garimoshi linapita. Mimi nilisafisha vyoo vya seminari kwa zamu miaka sita; sikuona kitu kipya.

Sasa nije kwenye neno lenyewe, yaani kitu gani kiwekwe ndani ya beseni. Wazungu katika nchi za baridi walitumia zamani majivu, mchanga na unga wa mbao, kama sisi. Mwaka 1947, huko Michigan, Marekani, kijana mmoja aitwaye Edward Lowe alimpa jirani yake udongo mkavu wa mfinyanzi wenye kunywa maji; paka akaupenda, na toka hapo biashara kubwa ikazaliwa. Udongo huo huchimbwa ardhini kwa mitambo, husafirishwa mbali, hutumika siku chache, hutupwa, wala hauozi. Sisi watu wa Likasi, mji uliokuwa ukiitwa Jadotville mpaka mwaka 1966, twajua maana ya mashimo ardhini. Tumezaliwa kando yake. Kuchimba shimo jingine kwa ajili ya paka, na kulipa fedha za kigeni, mimi sioni akili yake. Tena Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 2418 yafundisha mambo mawili pamoja: si haki kumtesa mnyama bure, wala si haki kumtumilia fedha ambazo zingepaswa kwanza kupunguza taabu ya watu. Kwa hiyo nilitafuta kitu cha bure, au cha bei ndogo, kinachotoka hapa kwetu na kinachorudi kuwa udongo.

Cha kwanza kinachokuja akilini ni mchanga. Hapa nawaomba wazazi wasikilize vizuri. Mchanga mzuri, mlaini, wa rangi ya kijivu au wekundu, tunaouona umerundikwa karibu na viwanda na migodi ya zamani, usiletwe nyumbani, wala kwa paka wala kwa kusugulia masufuria. Ni mabaki ya mawe yaliyosagwa, na ndani yake mna shaba, kobalti na madini mengine. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mikojo ya watu wa Katanga: wale waliokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha, chini ya kilomita tatu, walikuwa na kobalti nyingi kupita kwa mbali watu wa mahali pasipo migodi, na watoto walizidi wakubwa. Vumbi tulilo nalo latosha. Paka hutoka katika beseni na nyayo zenye vumbi, hupita juu ya mkeka, na juu ya mkeka huo mtoto hutambaa.

Udongo wa kichuguu niliujaribu, maana vichuguu vyetu vya Katanga ni virefu kama nyumba na udongo wake ni safi. Hunywa mkojo vizuri siku ya kwanza. Siku ya pili huwa tope, na nyumba nzima imepigwa mihuri ya nyayo nyekundu.

Majivu ya makala yapo katika kila nyumba, na wengi huyasifu. Kufunika mavi makavu, yafaa. Lakini yakichanganyika na mkojo huzidisha ile harufu kali ya amonia inayochoma macho, na yakilowa hutoa maji makali. Bibi zetu walitengeneza sabuni kwa majivu. Basi fikirini nyayo za mnyama anayesimama juu yake kila siku, kisha akazilamba. Tena mara nyingine kaa moja hubaki hai chini ya majivu.

Karatasi zilizochanwachanwa hulowa upesi na kunuka upesi. (Hata hivyo msilitumie gazeti hili kabla hamjalisoma mpaka mwisho.)

Vilivyobaki ni viwili: magunzi ya mahindi na mabaki ya seremala. Magunzi yaliyokauka, yakitwangwa katika kinu, hunywa maji sana, na hayana vumbi jingi. Lakini kazi ya kutwanga ni kubwa, paka wetu hakupenda ukali wake chini ya nyayo, na wakati wa mvua huota ukungu kama hayakuhifadhiwa. Yasiwe na punje hata moja: sina haja ya kumlisha panya ndani ya choo cha adui yake. Tena akina mama huyatumia magunzi kuwashia moto, na sikutaka kushindana nao.

Kwa hiyo nilichagua maranda na unga wa mbao. Maseremala wa barabarani huvitupa au huvichoma. Lakini ni lazima kuuliza mbao zilitoka wapi. Mbao zilizopakwa rangi, zilizobandikwa kwa gundi, au zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, ambazo mara nyingi huwa na rangi ya kijani, mabaki yake ni sumu. Unga wa mulombwa, ule mwekundu, huchoma pua za watu wengine. Mimi ni mmoja wao. Naomba ya mbao nyeupe, nayachekecha nje kwa chekeche kuukuu siku isiyo na upepo, kitambaa mdomoni, ili vumbi jembamba liondoke. Chini ya beseni naweka maranda, juu yake unga wa mbao, jumla unene wa vidole vitatu. Kila asubuhi, kabla ya Misa au kabla ya shule, naondoa mavi na pale palipolowa kwa kijiko cha bati ambacho hakina kazi nyingine. Siku ya tano namwaga vyote. Paka alijifunza kwa siku nne: niliweka kidogo cha uchafu wake mwenyewe katika beseni, nikaliweka kimya nyuma ya mlango, mbali na chakula chake.

Beseni lenyewe nalimwagia maji yanayochemka. Wengi hutegemea maji ya javel. Lakini javel haiyaui mayai ya toksoplasma, na maji ya moto huyaua. Makala ni ghali, najua. Mke wangu hunibakizia maji ya moto siku ya Jumamosi, watoto wakiisha kuoga, nami nayarudisha motoni mpaka yachemke.

Na baada ya hapo? Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si’ wa mwaka 2015, alisikitika ya kuwa kazi za wanadamu hazijajifunza kurudisha takataka zao kama viumbe vya asili vinavyofanya. Maranda hurudi yenyewe, lakini si mahali popote. Mbolea ya paka haiwekwi kamwe katika bustani ya mboga. Haitupwi mtoni, wala haichomwi katika mbabula. Nilichimba shimo la kimo cha goti, hatua zaidi ya thelathini kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko, na kila nikimwaga nafukia kwa udongo. Mvua zikianza, maranda makavu huhifadhiwa katika gunia chini ya paa, kwa sababu unga uliolowa haunywi tena kitu.

Mtoto alizaliwa mwezi wa Desemba, msichana, mzima. Mama mkwe alikuja kukaa mwezi mmoja, akalikuta beseni mahali pake, akalitazama, akaniletea yeye mwenyewe gunia la maranda kutoka kwa seremala wa mtaani kwao. Hakusema neno.

Seremala wangu, kwa kuona watu wanakuja kuuliza, ameanza kudai kitu kidogo kwa kila gunia, wala simlaumu. Shimo la kwanza lilijaa mwezi wa Februari. Juu yake nimepanda jakaranda, si mboga. La pili tumelichimba mbele yake kidogo, na mama wa jirani amenunua beseni la namna ile ile.