Visu vitatu vya Göteborg, nyundo kumi na sita za Piyaya

Leo nilikusudia kuandika habari za bajeti, lakini juzi usiku binamu yangu aliyeko Göteborg, Sweden, kanipigia simu na shida yake imenikumbusha deni la zamani. Bajeti itasubiri, haina pa kwenda.

Binamu anatunza bustani za watu. Huko siku hizi wana roboti ya kukatia nyasi. Kwa ambao hamjaiona, ni kidude kama kobe, kinazunguka chenyewe bustanini mchana kutwa kikipunguza nyasi kidogo kidogo, na betri ikikaribia kwisha kinarudi chenyewe kwenye chaja. Wala si jambo la jana. Kampuni ya Husqvarna ya huko huko Sweden iliingiza sokoni roboti ya namna hiyo iliyotumia jua mwaka 1995. Sisi tuliobeba fyekeo kwenda nalo shule mwaka huo na miaka mingi baadaye tutikise vichwa tu.

Tumboni mwa kidude hicho kuna sahani, na pembezoni mwa sahani kuna visu vitatu vyembamba kama nyembe. Kila kisu kimeshikwa na skrubu moja, na kimeachwa kicheze. Sahani ikizunguka kwa kasi visu vinatanuka vyenyewe kwenda nje. Kisu kikigonga jiwe kinarudi nyuma, hakiing'ang'anii sahani mpaka kivunje kitu.

Sasa roboti ya binamu ilikuwa inatetemeka na kunguruma, na nyasi zilikuwa zinachanika badala ya kukatika, ncha zinakauka na kugeuka kahawia.

"Umeifanya nini?" nikamuuliza.

"Kisu kimoja kilipinda kwenye jiwe, nikakibadilisha."

"Kimoja tu?"

"Vile viwili vilikuwa bado vinafaa bwana. Nitupe pesa?"

Nilianza kucheka, halafu nikanyamaza. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, karibu neno kwa neno, na waliolipa gharama yake walikuwa watu wengine.

Mwaka 2023 nilikwenda Piyaya, wilaya ya Ngorongoro. Gazeti lilinituma kwa mambo ya ardhi ya Loliondo, maana mwaka mmoja kabla yake serikali ilikuwa imetenga kilomita za mraba 1,500 kwa ajili ya uhifadhi na nchi nzima ilikuwa inabishana. Piyaya hakuna bustani ya kufyekwa. Nyasi zinakatwa na ng'ombe na mbuzi, na wakati wa mvua na nyumbu wa Serengeti wanaotawanyika kwenye nyanda zile. Mimi na daftari langu tulitaka kusikia habari za mipaka. Akina mama niliowakuta walizungumza mipaka, ndiyo, lakini kila baada ya dakika tano walirudi kwenye mashine ya kusaga. Imekufa wiki ya pili sasa. Mahindi yanapakiwa kwenye punda hadi kijiji cha jirani, unakwenda leo unarudi kesho, na watoto wanabaki na nani?

Nilimwamkia mama mkubwa wa kikundi chao, "Takwenya," akaitikia "Iko," kisha akanishika mkono moja kwa moja hadi kwenye banda la mashine.

Ndani ya mashine ya kusaga kuna nyundo. Usifikirie nyundo ya kupigia misumari. Ni vibapa vya chuma vinavyoning'inia kwenye pini, na mashine ile ilikuwa na safu nne, kila safu nyundo nne. Injini ya dizeli ikivuta mkanda, nyundo zinatanuka kwenda nje na kuyapiga mahindi mpaka yapite kwenye chekeche. Ni ile ile akili ya roboti ya binamu, ila hii inalisha kijiji. Udongo wa nyanda zile umetokana na majivu ya volkano, vumbi linaingia kila mahali, na mahindi ya kununua huja na mchanga wake. Nyundo zinalika pembe. Zikilika unga unatoka chenga na dizeli inakwenda bure. Pembe moja ikiisha unaigeuza nyundo utumie nyingine, hadi pembe zote nne ziishe. Pale pini ya safu moja ilikuwa imekatika na nyundo zake nne zimeharibika kabisa. Zile kumi na mbili zilikuwa zimechakaa, lakini bado zina sura ya nyundo.

Kwa kuwa nilikuwa na safari ya Karatu na kurudi, kikundi kikanikabidhi fedha za seti nzima, zimefungwa kwenye kipande cha shuka. Muuzaji wa Karatu alihesabu kumi na sita akaziweka mezani. Nikamwambia naomba nne na pini moja.

"Kaka, nyundo hazinunuliwi kama maandazi," akasema. "Mpya ina uzito wake na kuukuu ina wake."

Mimi msomi wa chuo kikuu nikaona huyu anatafuta biashara. Nilirudi Piyaya na nyundo nne na chenji nyingi, na niseme ukweli, nilitegemea kushukuriwa. Nilishukuriwa kweli. Kijana wa mashine akazifunga na injini ikawaka. Banda likaanza kutikisika. Safu ya nyundo nzito ilikuwa inatazamana na safu ya nyundo nyepesi, na rota ile inazunguka mara maelfu kwa dakika. Tukasema itatulia. Siku ya tatu beringi iliungua, ikaondoka na sehemu ya shafti. Ilichukua mwezi mzima kupata fundi wa kuitengeneza, na mwezi mzima punda walitembea.

Yule mama hakunigombeza. Aliniuliza tu kama chuoni kwetu walikuwa na mizani.

Beringi, kazi ya fundi na seti mpya ya nyundo nililipa mwenyewe kwa mshahara wa miezi miwili. Safari hii tulizipima kwenye mizani ya duka la sukari, tukazipanga safu zinazotazamana zilingane. Habari ya ardhi nilishaiandika na ikatoka ukurasa wa tatu. Habari ya mashine mhariri alisema haina mvuto.

Kwa hiyo binamu nilimwelekeza hivi. Zima roboti kabisa, vaa glavu ngumu, igeuze juu ya kitu laini. Kwangua nyasi zilizokauka kati ya sahani na bodi kwa brashi. Mpira wa maji wenye presha usiusogeze, maji yatatafuta njia ya kwenda kwenye mota. Toa visu vyote vitatu na weka vipya vitatu pamoja na skrubu mpya, maana skrubu nayo inalika shingo, na siku ikikatika kisu kinaruka. Kila kisu kikisukumwa kwa kidole kicheze bila kukwama. Zungusha sahani kwa mkono usikilize. Ikikwaruza, tatizo ni beringi, usijidanganye na visu. Halafu ukaokote mawe na vijiti bustanini kabla hujaiwasha.

Jana kanitumia ujumbe: imetulia, ila bado ana kinyongo na vile visu viwili. Kaviweka kwenye kopo, anasema huenda vikafaa siku moja. Nimempigia tena nimwambie avitupe, hakupokea.