Daftari la Bi Harusi Wetu

Mama alitutangulia miezi minne kabla ya harusi ya mdogo wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tulitaka kumwandikia bi harusi mawaidha ya Mama kwenye daftari, lakini kila tukishika kalamu, machozi yanatangulia.

Basi tukaanza na mapambo. Tulichonga umbo la korosho kwenye raba ya kufutia, tukaichovya kwenye pedi ya wino na kuigonga kama mhuri pembezoni mwa ukurasa: likawa pindo la kanga. Katikati, penye mji, tukabandika stensili ya hina, tukapitisha sponji taratibu. Sponji iwe karibu kavu; wino ukizidi hupenya chini na maua hutapakaa. Ua letu la kwanza liliharibika hivyo.

Ikabaki sehemu ya jina. Tukampa bi harusi mwenyewe. Alinyamaza kitambo, kisha akaandika: DUA YA MAMA HAIZIKWI.

Tulilia, kisha tukaandika. Kufikia Ishaa, kurasa kumi zilijaa maneno ya Mama. Dada, ukishindwa kuandika, anza na pindo.