Pawa so ya 1968 na riziki ya binamu

Wadau, leo tuziache programu kidogo. Siku za kazi niko kwenye kompyuta, lakini Jumapili mtanikuta nyuma ya nyumba hapa Gede, mikono imejaa grisi, nimeinamia pawa so ya zamani. Ninazo nne. Mbili zinanguruma, moja inabishana, na ya nne ni ya vipuri tu. (Majirani nawaarifu kabla ya kuwasha. Arabuko-Sokoke iko karibu, na mlio ule ukisikika watu wanajiuliza mti gani unaangushwa.)

Niipendayo ni Stihl 070. Ilianza kutengenezwa mwaka 1968, injini yake ni karibu sisi 106, uzito unapita kilo 10 kabla hujafunga ulimi wa chuma na cheni. Yaani umebeba injini ya bodaboda mikononi! Ndiyo maana wapasuaji mbao bado wanaitafuta: inauingia mwembe mzee bila kusitasita.

Yangu ilikuja imekufa. Kuitafutia ugonjwa ni kama kutafuta hitilafu kwenye programu, usibadilishe vitu vitatu kwa mpigo. Injini inataka mgandamizo, cheche na mafuta. Nikavuta kamba, mgandamizo upo. Nikatoa plagi, nikaiegemeza kwenye silinda, nikavuta tena. Giza. Hii ni ya platini, si ya elektroniki kama zilizofuata, na hewa ya chumvi ya huku haina huruma na platini. Nikazisugua kwa msasa laini, nikarekebisha mwanya, cheche ya buluu ikaruka.

Ikawaka sekunde tatu ikazima. Hapo ni kabureta. Haina boya kama ya pikipiki, ina utando mwembamba unaopumua na kuvuta petroli, ndiyo maana msumeno hufanya kazi hata ukiulaza ubavu. Utando wangu ulikuwa mkavu kama karatasi. Nikaweka mpya. Petroli lita 5 naitilia oili mililita 200. Misumeno ya kisasa mingi hutosheka na nusu yake.

Sasa kasheshe. Binamu yangu alisikia imewaka, akaja mbio kutoka Ganze. Amepata miembe miwili ya kupasua, mwenye shamba yuko tayari kulipa, na nyumbani kuna mtoto mchanga.

"Kaka, nipe nikatafute riziki."

Nikamwambia mashine hii haina breki ya cheni. Ncha ya juu ikigusa tawi, ulimi unaruka nyuma kuelekea usoni, na cheni haisimami. Fundi aliyemfundisha kazi ana kovu toka bega mpaka kifuani, na yeye alikuwa mzoefu.

"Kwani wewe waiweka ya kutazama?"

Swali hilo lilinikera kwa sababu lina haki. Mimi nalipwa mwisho wa mwezi, kwangu huu ni mchezo.

Tumefikia hapa: kuangusha na kukata matawi atatumia msumeno wa kukodi wenye breki. Ya 070 ni ya kupasua mbao tu, ikiwa ndani ya fremu ya vyuma inayoubana ulimi huku na huku, ncha imefungiwa isiguse kitu. Vipimo nimeshampa mchomeleaji mmoja Malindi mjini. Anataka nimpelekee ulimi wenyewe aupime, maana michoro yangu ya kompyuta haiamini.